Kumpa kinyonga nafasi ya kukataa

Kinyonga wa Yemeni akikutisha, huhitaji kuelezwa. Anabana mbavu hadi mwili unakuwa bapa, kisha anakugeuzia ubavu ule mpana ili umwone mkubwa kuliko alivyo. Koo linavimba. Kijani chake kinazama, mistari ya njano inakolea, madoa ya giza yanajitokeza. Anaachama mpaka unaona kinywa chote, anafoka kwa hewa inayotoka kwa nguvu, na anaanza kuyumba mbele na nyuma juu ya tawi. Ukiendelea kusogea atakujia. Meno yake ni madogo, lakini taya za dume mkubwa zina nguvu ya kutosha kutoboa ngozi ya kidole.

Kinyonga wangu, Taizi, alinipokea hivyo kila nilipofungua mlango wa kizimba, tangu alipofika kwetu hapa Leicester, Uingereza, na kwa miezi mingi baadaye. Leo anakula mkononi mwangu, na akitaka kutoka huupanda mkono wangu mwenyewe. Watu wananiuliza nilimzoesha vipi, hasa Waswahili wenzangu wa huku ughaibuni walionunua kinyonga kwa ajili ya watoto na sasa wanaogopa hata kumbadilishia maji. Jibu langu ni moja, nalo huwashangaza: nilimwachia nafasi ya kunikataa, na kila alipokataa nikakubali. Kazi kubwa ilikuwa kwenye kizimba, kwenye taa, kwenye maji na kwenye majani. Mkono ulikuja mwisho kabisa.

Kinachoonekana kama hasira ni woga wa mnyama asiyeweza kukimbia. Kinyonga hana mbio, hana sumu, hana gamba la kujifunika kama kobe. Kinga yake ya kwanza ni kutoonekana. Akishaonekana amebaki na vitisho, na vitisho vikishindwa huachia tawi akajiangusha chini. Maadui wake wakubwa ni ndege wanaoshuka kutoka juu na nyoka wanaotambaa matawini, na anawatofautisha. Mwaka 2008 mtafiti Devi Stuart-Fox na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa vinyonga wadogo wa Afrika Kusini: walipowekewa mfano wa ndege, vinyonga hao walijifananisha na mahali walipo kwa makini zaidi kuliko walipowekewa mfano wa nyoka.

Kwetu Tanzania tuna ushahidi wa aina yake. Katika msitu wa Magombera, karibu na milima ya Udzungwa, mtafiti Andrew Marshall alimkuta nyoka wa mitini akila kinyonga. Nyoka alishtuka, akamwacha, na kinyonga yule akabainika kuwa wa spishi ambayo sayansi haikuwa imeiandika. Ikapewa jina la Kinyongia magomberae mwaka 2009. Wanaoisimulia habari hii hufurahia ugunduzi, nami pia naufurahia, lakini mawazo yangu humrudia kinyonga mwenyewe. Kuliwa ukiwa umekaa kimya juu ya tawi lako ndiyo hatari anayoishi nayo kila siku.

Sasa tazama mkono wa binadamu unavyoingia kizimbani. Unatoka juu, vidole vimetanuka, unakwenda moja kwa moja kwenye mgongo. Huo ni mwendo wa mwewe. Wala usidhani utamvizia: kila jicho lake linazunguka peke yake, na yote mawili kwa pamoja yanaona karibu pande zote, mbele, nyuma, juu na chini. Hana tundu la sikio kwa nje na usikivu wake ni hafifu, ila mtikisiko wa tawi anaupata vizuri sana. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliandika kwamba kinyonga wa Yemeni mwenyewe hutoa mtetemo mdogo unaopita mwilini hadi kwenye tawi, huenda kwa ajili ya kuwasiliana na wenzake. Kwa hiyo mlango unaobamizwa, mtoto anayerukaruka sakafuni, spika iliyowekwa juu ya kabati lilelile la kizimba, vyote vinamfikia miguuni.

Nimezaliwa Lushoto, na vinyonga nimewaona kabla sijajua kusoma. Usambara kuna wenye pembe mbili puani, kuna wenye pembe tatu, na wengine hukutana nao kwenye ua wa nyumba asubuhi umande ukiwa bado haujakauka. Hatukuwagusa. Tulilelewa tukiambiwa ni nuksi, kwamba ukimwona njiani ni bora urudi. Hofu hii haiko kwetu tu. Hadithi ya kinyonga aliyetumwa kuwapelekea watu habari ya uzima, akachelewa njiani hadi mjusi akamtangulia na habari ya kifo, inasimuliwa kwa Wabantu wengi, mpaka kwa Wazulu kule kusini. Mnyama amebebeshwa mzigo mkubwa kwa kosa la kutembea polepole.

Nilipompigia mama kumweleza kwamba nafuga kinyonga, alinyamaza kidogo kwanza.

"Mwanangu, huko Ulaya umekosa paka?"

"Mama, huyu hana neno. Hana sumu, hana lolote."

"Kinyonga hana neno. Haya. Ila nikija kwako, mimi na yeye hatulali nyumba moja."

Namwelewa mama. Na nilitaka aelewe jambo moja ambalo nataka pia msomaji aliye nyumbani alielewe: Taizi hakutolewa msituni. Amezaliwa kizimbani hapahapa Uingereza, kwa wazazi waliozaliwa kizimbani. Asili ya jamii yake ni milima na mabonde ya kusini-magharibi mwa Yemeni na sehemu jirani za Saudi Arabia, ndiyo maana nilimwita kwa jina la mji wa Taiz. Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje vinyonga waliokamatwa porini, hadi serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Wale waliosafirishwa walifika huku wamekauka kwa kiu, wamejaa minyoo, na wengi hawakuishi. Karibu vinyonga wote wako chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya kuna ya 2013, na huwezi kumwokota kinyonga uani ukamfanya wako bila kibali. Hata kama sheria isingekuwepo, ningesema mwache palepale. Yule wa uani ana mti wake, na anaujua.

Taizi alinifikia akiwa mtu mzima, kutoka kwa kijana aliyekuwa anahama. Alikuwa amewekwa kwenye tangi dogo la vioo, juu ya meza fupi, pembeni ya televisheni, na kila jioni alitolewa ili marafiki wamwone. Sina neno baya na kijana huyo, alimlisha vizuri na alilia siku anamkabidhi. Lakini fikiria maisha yale kwa macho ya kinyonga. Kila anayepita anapita juu yake. Kwenye kioo anaona dume mwingine asiyeondoka usiku wala mchana, maana hajui kwamba ni taswira yake. Na kila siku mwewe anashuka, anambeba, anamrudisha, na kesho anashuka tena.

Hata utoto unaacha alama. Mwaka 2014 watafiti waliochapisha kazi yao kuhusu vinyonga wachanga wa Yemeni walionyesha kwamba waliolelewa peke yao walikuwa na rangi za giza zaidi na walinyenyekea zaidi walipokutana na wenzao kuliko waliokulia pamoja. Wakishakomaa ni lazima watenganishwe, madume wawili wataumizana. Ila nilichokipata katika habari ile ni kwamba kinyonga ana historia. Anakuja nayo, nami sikuwa na namna ya kuifuta, zaidi ya kuhakikisha hairudiwi nyumbani kwangu.

Basi nilianza na makazi. Kizimba chake ni cha wavu, upana na kina cha sentimita 60, urefu wa kwenda juu sentimita 120, na chenyewe kimewekwa juu ya kabati imara. Akikaa kwenye tawi lake la juu, anatutazama sisi kutoka juu. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko lililofanya kazi kuliko yote niliyofanya baadaye. Kinyonga aliye juu ya kichwa chako hana sababu ya kukudhania ndege. Wavu pia hauna taswira, na yule dume wa kwenye kioo alitoweka siku ileile.

Kisha majani, mengi kuliko watu wanavyodhani yanafaa. Nina mmea wa pothosi unaotambaa kutoka juu hadi chini, mti mdogo wa shefulera, na haibiskasi ambayo naitoa na kuirudisha inapochoka. Watu wanapunguza majani ili wamwone mnyama waliyemlipia fedha, na mnyama anayeonekana muda wote ni mnyama anayeogopa muda wote. Mimi nilimjengea ukuta wa kijani upande mmoja mzima. Wiki za mwanzo kuna siku sikumwona kabisa, niliona tu kwamba nyenje niliowaweka hawapo. Nilifurahi. Ilimaanisha amepata pa kujificha, na aliyepata pa kujificha anaweza pia kuamua kutoka.

Kati ya matawi ya wima na ya ulalo nilihakikisha kuna barabara isiyokatika, kuanzia penye joto hadi penye kivuli. Chini ya taa ya joto panafika nyuzi 30 hivi za Selsiasi, sehemu za chini ni baridi zaidi, na usiku taa zote zinazimwa na chumba kinapoa. Taa ya pili ndefu inatoa mionzi ya UVB, kwa sababu bila hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu haimsaidii. Kinyonga aliyekosa hayo mifupa yake hulainika, miguu hupinda, taya hulegea, na anauma na kufoka kwa sababu anaumwa. Leicester wakati wa kipupwe jua linachungulia na kuondoka, kwa hiyo taa zinawaka saa 12 kwa siku kwa taima, bila kunisubiri mimi.

Maji yalinifundisha mengi. Kinyonga wa aina hii hatambui bakuli la maji yaliyotulia. Anakunywa matone yanayong'aa kwenye jani. Asubuhi kabla taa ya joto haijawaka napuliza ukungu wa maji, na mchana chombo kilicho juu ya kizimba kinadondosha tone kwa tone juu ya pothosi. Dalili za kiu unaziona kwenye macho yaliyodidimia na kwenye kinyesi: ile sehemu inayopaswa kuwa nyeupe ikiwa ya rangi ya chungwa, hanywi vya kutosha. Taizi alipokuja ilikuwa ya chungwa. Ilipoanza kuwa nyeupe, vitisho navyo vikaanza kupungua makali, kabla sijafanya jitihada yoyote ya kumkaribia. Mnyama mwenye kiu hana subira na mgeni.

Wakati wote huo nilikuwa najifunza kusoma rangi. Wengi wetu tuliambiwa kinyonga hugeuka rangi ya chochote alichokalia, kiasi kwamba mwanasiasa aliyehama chama anaitwa kinyonga na kila mtu anaelewa. Ukweli ni kwamba rangi yake inasema zaidi kuhusu hali yake: joto, baridi, amani, hofu, ugomvi, uchumba. Mwaka 2015 timu ya Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva ilieleza namna kinyonga chui wa Madagaska anavyofanya. Ngozini ana seli zenye fuwele ndogo mno za guanini. Akiwa ametulia fuwele hizo zimekaribiana na zinarudisha mwanga wa buluu, ambao ukipita kwenye njano ya ngozi unaonekana kijani. Akisisimka, nafasi kati ya fuwele inapanuka na mwanga unaorudi unaelekea njano na wekundu.

Kwa kinyonga wa Yemeni kuna kazi nyingine iliyonisaidia zaidi. Russell Ligon na Kevin McGraw wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walirekodi mapambano ya madume, wakachapisha mwaka 2013 kwamba dume ambaye mistari ya ubavuni inang'aa zaidi ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kumwendea mwenzake, na ambaye rangi za kichwani zinawaka haraka na kwa nguvu zaidi ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kushinda. Mwaka uliofuata Ligon akaonyesha upande wa pili: anayeshindwa hufifia na kuwa mweusi, na weusi huo ni kujisalimisha. Anamwambia mbabe, basi, usiniumize.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wafugaji wengi. Kuna ushauri unaorudiwa sana kwamba kinyonga akiachama usirudi nyuma, eti ukirudi unamfundisha kwamba vitisho vinafanya kazi. Mkamate tu, wanasema, mshike kila siku, atachoka. Ni kweli atachoka. Ataachama na hutaondoka, atauma na hutaondoka, na mwisho ataacha vyote, atakuwa mweusi na mtulivu begani kwako, nawe utapiga picha. Picha za namna hiyo ziko nyingi mtandaoni: kinyonga wa rangi ya mkaa kwenye bega la mtu anayetabasamu, amefumba macho mchana. Kinyonga mzima hafumbi macho mchana. Yule amejisalimisha kwa mbabe, na mwili unaoishi katika hali hiyo kila siku unadhoofika, unaacha kula, unaugua. Na zile video za watu wanaomchokoza kwa kidole au kwa kijiti ili aachame na kuinua mikono, huku muziki unapigwa, mimi siwezi kuzitazama hadi mwisho.

Kwangu vitisho vilifanya kazi, na nilitaka vifanye kazi. Alipoachama nilisimama palepale bila kutikisika, kisha nikarudi polepole. Nilitaka ajue kwamba akisema hapana nitasikia. Kilichofuata kilikuja kwa mpangilio wake mwenyewe: baada ya muda hakuhitaji kuachama, kuvimba koo kulitosha. Baadaye hata koo hakuvimbisha, alinigeuzia ubavu tu na kuingia majanini. Kadiri nilivyosikia mapema ndivyo alivyopunguza sauti. Nikawa natazama vitu vitatu kwa pamoja: rangi, umbo la mwili, na jicho. Jicho likinifuata kwa utulivu na mwili ukiwa wa duara, naweza kukaa. Mwili ukianza kuwa bapa, nimefika mpaka, hata kama rangi haijabadilika bado.

Kukaa kwenyewe kulikuwa sehemu ya kazi. Jioni nilivuta kiti mbali na kizimba, nikasoma au nikavunja maharage, bila kumtazama. Macho mawili yaliyokodolewa mbele ni macho ya anayewinda, na yeye analijua hilo. Nilivaa nguo zisizo na michoro mikubwa na nikapita njia moja kila siku. Kiti kikasogea kidogo kidogo, kwa kipimo chake yeye.

Chakula ndicho kilichofungua mlango. Mwanzoni niliweka nyenje kwenye bakuli la plastiki lililoning'inizwa kwa waya karibu na tawi analolipenda, nikaondoka. Alipozoea kula hapo nikawa siondoki, nasimama tu. Kisha bakuli nikalishika kwa mkono, mlango ukiwa wazi, chini kidogo ya usawa wa kifua chake. Siku ya kwanza alitazama bakuli kwa jicho moja na mimi kwa jicho la pili kwa muda mrefu, akageuka akaenda zake. Nikafunga. Kesho yake vivyo hivyo. Sikumnyima chakula kumlazimisha, na nasisitiza hili: njaa inaweza kumleta mkononi, lakini analeta woga wake pamoja naye. Aliyekataa bakuli la mkononi alilikuta bakuli lilelile tawini saa moja baadaye.

Kilichomshinda ni kiwavi mnene wa kijani wa nondo, wanaouzwa huku kwenye vikopo. Nilimweka kiganjani, nikauingiza mkono chini ya tawi, nikaufanya usitikisike. Macho yote mawili yakaja mbele kwa pamoja, na hiyo ndiyo dalili: jicho moja ni la kuangalia, mawili ni ya kupima umbali. Mwili ukasogea mbele, kinywa kikafunguka kidogo, ncha ya ulimi ikachungulia. Ulimi wake unafika mbali kuliko urefu wa mwili bila mkia, na unatoka kwa kasi ambayo jicho langu haliwezi kuifuata. Nilihisi tu kitu chenye unyevu kimegonga kiganja, na kiwavi hayupo. Aliendelea kutafuna akiwa palepale, kijani kibichi, akinitazama kwa jicho moja. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Baada ya hapo kiganja kikawa na maana nyingine. Ila kula mkononi na kupanda mkononi ni vitu viwili mbalimbali, na kati yake kulipita muda. Kinyonga anapenda kupanda, kwa hiyo nilimpa kitu cha kupanda: mkono wangu umelala mbele ya kifua chake na chini kidogo, na nyuma ya mkono mmea mwingine mrefu nje ya kizimba. Mkono ukawa daraja. Hakuwa anakuja kwangu, alikuwa anaelekea kwenye mmea, na mkono ulikuwa njiani. Aligusa kwanza kwa mguu mmoja, akarudisha. Nikauacha. Alipovuka hatimaye, kila mguu ulibana ngozi yangu kama kibanio cha nguo, na sikuusogeza mkono mpaka alipofika upande wa pili. Kamwe usimng'oe kwenye tawi. Vidole vyake vimeungana makundi mawili vinavyoshika kwa pande zote, ukivuta unaweza kumvunja kucha au kumtegua mguu. Akiwa hataki kuachia, hataki kutoka, na mazungumzo yameisha kwa siku hiyo.

Kuna siku zinazorudi nyuma, na zina sababu. Akiambua ngozi, anavaa weupe wa karatasi, anajisugua kwenye matawi na hataki mtu. Namwongezea maji ya ukungu, namwacha. Usiku sifungui kizimba wala siwashi taa kumwangalia. Akilala hupauka kabisa, na usingizi wake ukikatishwa utaona asubuhi. Mwenye jike ajue zaidi: jike wa Yemeni hutaga hata bila kupandwa, mayai 20 hadi 70 na pengine zaidi kwa mkupuo mmoja, na anahitaji beseni la mchanga wenye unyevu wa kuchimba. Akiwa na mayai atabadilika rangi na kuwa mkali kweli. Hapo mwache kabisa, usimjaribu, na usimchungulie anapochimba, maana akijiona anatazamwa anaweza kuacha kutaga, na mayai yaliyokwama humuua.

Ninaulizwa pia kama ananipenda. Sidhani, na sihitaji. Vinyonga huishi peke yao, hawana kundi wala kiongozi, na wa aina hii hawalei watoto. Hakuna pahali katika maisha yake palipoachwa wazi kwa ajili ya rafiki. Anachonipa ni kwamba mbele yangu habadiliki: naingia chumbani na kijani kinabaki kijani. Kwa mnyama ambaye ngozi yake inatangaza kila hofu, hilo ni jambo kubwa, na halighushiki. Fundi aliyekuja kutengeneza hita aliona kinyonga mwingine kabisa, bapa, mwenye madoa, kinywa wazi. Nilipoingia na fundi akatoka, alichukua dakika chache akarudi mviringo. Tofauti ile niliiona kwa macho yangu.

Mwaka huu nilimpeleka kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Nililiogopa lile zaidi yake. Niliweka tawi lake la kila siku ndani ya sanduku lenye matundu, nikalisogeza mdomo wa sanduku hadi kwenye mlango wa kizimba, nikaweka mkono daraja. Alivuka, akaingia, akashika tawi lake. Daktari alimpima akiwa juu ya tawi hilohilo kisha akatoa uzito wa tawi, akamgusa taya na mifupa ya miguu, akatazama kinywa pale alipoachama, kwa maana kwa daktari aliachama vizuri sana. Mifupa ilikuwa imara. Alisema amenenepa kupita kiasi, kwamba dume mzima hahitaji kula kila siku, na kwamba viwavi wanono vipungue viwe vya mara moja moja.

Kwa hiyo sasa anakula Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nyenje waliopakwa unga wa kalsiamu. Nilikuwa na wasiwasi kwamba bila kiwavi kiganjani hatakuja tena mlangoni. Wiki iliyopita nilijaribu ua jekundu la haibiskasi, maana vinyonga wa Yemeni hula pia majani na maua. Alilitazama kwa jicho moja, kisha kwa mawili, akashuka matawi mawili na kuling'ata petali kwa petali hadi likabaki kikonyo.